Madereva Waliopotea Mlangoni kwa Mama

Nilianza kurekebisha ramani kwa hasira. Nashona sare za shule, na wakati huo nilikuwa nikizipeleka madukani mwenyewe kwa gari langu dogo, huku mashariki mwa Nairobi, Kayole, Njiru, mpaka kule mbele kwenye Barabara ya Kangundo ambako nyumba mpya huota kama magugu. Siku moja nikiwa Njiru, mvua imetoka kunyesha, simu iliniambia nipinde kulia. Nikapinda. Mbele yangu hapakuwa na barabara, palikuwa na shimo la machimbo ya mawe, limejaa maji, na bata wanaogelea. Nilirudi kinyumenyume kwenye ule udongo mweusi unaonata, na nilipofika kwenye lami nilikuwa nimeitukana simu matusi ambayo muumini hapaswi hata kuyajua.

Jioni nikaulizia ni nani aliyechora njia ile. Nikaambiwa haina mwenyewe. Ramani ile huchorwa na watu wa kawaida wanaojitolea. Dereva akikuta mambo sivyo yalivyochorwa, anabonyeza pale na kuandika, na ripoti yake inamfikia mtu wa kujitolea anayeangalia eneo hilo, naye anarekebisha. Nikauliza kama hata mimi naweza. Hata wewe, nikajibiwa. Usiku huo niliifuta njia ya bata, nikalala vizuri sana.

Kidogo kidogo nikawa mtu wa kutegemewa. Nilipewa kuangalia kuanzia Donholm hadi Njiru, na tukawa na kikundi chetu kwenye simu, sisi wachoraji wa Eastlands, tunapashana habari na kusutana. Barabara za huku hazikai zilivyo. Leo pana hema la matanga katikati ya njia, majirani wanakutana jioni kupanga safari ya kumpeleka marehemu nyumbani. Kesho pana mkutano wa injili na spika kubwa kuliko nyumba. Kesho kutwa mtu amemwaga kokoto za ujenzi akaenda zake. Unafunga, unafungua. Ndugu zangu walinicheka kwamba nafanyia watu kazi ya bure, nami nikawajibu kwamba hata wanakwaya huimba bure na hakuna anayewauliza.

Mama ndiye hakucheka. Niliishi naye Donholm, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, na jioni aliponiona nimeinamia simu aliniuliza leo nimefunga wapi na ni nani atakayenuna. Alikuwa mcheshi. Zaidi ya hapo, alikuwa na sauti. Miongoni mwa kina mama wa kanisa letu yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Wengine walisubiri avute ile sauti ya kwanza, nzito, isiyo na haraka, aliyokuja nayo kutoka magharibi mwa nchi alipoolewa, ndipo wote wakaingia. Hata akimwita muuza sukuma wiki kupitia dirishani, ungedhani ibada imeanza.

Kisha kiharusi kikamshika, asubuhi, akikunja nguo. Alilala wodini wiki kadhaa. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, lakini mdomo ulibaki umevutwa upande, na maneno yakawa yanatoka yamevunjika au hayatoki kabisa. Daktari alisema yatarudi iwapo atayatumia. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu Mama hakutaka kuyatumia.

Hakuwa mkaidi. Aliona haya. Wenzake wa kanisa walikuja na chai kwenye chupa na mikate ya kuchangamsha roho, na kila walipobisha alisimama polepole, akaingia chumbani na kuvuta mlango. Mimi nikatoka na uongo wangu: amelala. Mama mdogo, ndugu yake wa pekee aliyebaki, alipiga simu kutoka nyumbani kule magharibi kila Jumapili: amelala. Ikafika mahali mama mdogo akaniuliza kama kweli dada yake yuko hai, au kuna jambo tunamficha. Nikamwapia kwamba yuko hai. Hakuniamini sana, na ningekuwa yeye nisingeniamini pia.

Nilijaribu kumfundisha. Nilinunua kadi za watoto zenye picha, kuku, kikombe, jua, nikazishika mbele yake na kumuuliza, Mama, hii ni nini? Alizichukua kwa mkono wake mzima, akazilaza mezani kifudifudi, moja moja, bila kunitazama. Mwanamke aliyelea watoto na kuzika mume anaulizwa kuku ni nini. Ningekuwa mimi ningezitupa nje. Nilizirudisha kwenye pakiti yake, nikaenda jikoni kulia, nikijifanya nakata vitunguu, na vitunguu vyenyewe havikuwepo.

Sasa, nyumba yetu inatazama barabara ndogo inayoingia kutoka upande wa barabara kuu ya Outer Ring na kutokea upande wa pili wa mtaa. Ilikuwa ikitokea, niseme hivyo. Wezi wa vioo vya pembeni vya magari walipozidi, kamati ya mtaa iliweka geti kule mwisho, likawa linafungwa usiku. Mlinzi akalala, vioo vikaendelea kuondoka. Kamati ikakutana tena, ikamwita fundi, na geti likachomelewa kabisa lisifunguke tena. Ndivyo tunavyoishi huku: barabara ni ya serikali, lakini geti ni letu. Lilichomelewa karibu kabisa na kibaraza chetu wakati Mama yuko wodini. Kwenye picha zilizopigwa kutoka angani, ambazo ramani huzitegemea, geti halionekani. Ramani iliendelea kusema njia iko wazi, na kila Outer Ring ilipojaa iliwatafutia madereva pa kuchepukia, ikawaleta kwetu.

Niligundua kosa hilo juma lile Mama aliporudi nyumbani. Nilikuwa nimemketisha kibarazani kwenye kiti cha plastiki apate jua, nami niko mlangoni na simu mkononi, nimeshafungua ukurasa wa kurekebisha. Ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Gari jeupe likaja, likafika getini, likasimama. Kijana akatoa kichwa nje, akaangalia geti, akaangalia simu yake, kisha akamwona Mama.

"Sasa mathe. Hii njia haitokei?"

Nilitaka kumjibu mimi. Nilishafungua mdomo. Lakini Mama alikuwa ameinua mkono.

"Ime," alisema, akanyamaza. Kijana akangoja. Hakujua kwamba hapo pana jambo la kumtia mtu wasiwasi. Alidhani bibi anafikiri. "Imefungwa."

"Na map inanishow nipite hapa hapa. Sasa natokea wapi?"

"Rudi. Nyuma." Mama akavuta pumzi. "Kanisa. Kushoto."

"Kwa kanisa, kushoto. Poa mathe, barikiwa."

Akageuza gari, akaenda. Mama alibaki akitazama vumbi. Mate yalikuwa yamemtoka pembeni mwa mdomo, akayapangusa kwa kitambaa, na nikamwona anatabasamu, kwa upande mmoja tu, lakini lilikuwa tabasamu lake mwenyewe. Maneno yale machache ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kumwambia mtu mwingine asiye mimi tangu atoke wodini. Nikaufunga ule ukurasa wa ramani bila kubonyeza kitu.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Kwa nini dereva asiyemjua, na si wenzake wanaompenda? Jibu lilikuwa kwamba yule kijana hakuwahi kumsikia Mama zamani. Hakuwa na sauti nyingine ya kulinganisha na hii. Kwake yeye huyu alikuwa bibi anayeongea polepole, na wazee wengi huongea polepole. Kina mama wa kanisa wangemsikiliza huku wakiililia ile sauti aliyokuwa nayo, na Mama angeyaona hayo machoni mwao. Mbele ya mgeni hakuwa amepoteza kitu.

Basi sikuirekebisha. Mimi niliyekuwa nikiwasuta wenzangu kwa kuchelewa kuondoa hema la jana niliiacha njia ya uongo mbele ya mlango wa mama yangu, na dhamiri haikunichoma hata kidogo. Kurudi mpaka kanisani na kupinda hakuchukui muda, nilijiambia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nikawaacha wageni waje.

Wakaja. Walikuja madereva wa teksi, lori dogo la soda, na mwanamke mmoja aliyekuwa na keki ya harusi kwenye kiti cha nyuma, ameifunga mkanda. Mama akawa na kazi ya kufanya. Akishakunywa chai ya asubuhi anajisogeza mwenyewe hadi kitini, anapanga leso yake mapajani na kutazama kona. Kwanza aliwajibu kwa maneno mawili matatu. Baadaye akaanza kuwauliza waendako, kwa sababu anayekwenda Jogoo Road haelekezwi kama anayekwenda mtaa wa Savannah. Baadaye zaidi akaanza kuwakemea. Kijana, funga mkanda. Wewe, umekula? Wengine walizima gari kabisa. Mmoja alimwonyesha picha ya mtoto wake mchanga, na Mama akaishika simu karibu na macho kwa muda mrefu, akatoa hukumu kwamba masikio ni ya baba.

Dereva mmoja wa teksi, anayeishi Mukuru kwa Reuben, alipotea mara ya pili, na alipopotea tena nikaanza kushuku kwamba hapotei.

"Wewe. Tena," Mama alimwambia.

"Mathe, hii map itaniharibia kazi."

"Ni map. Au ni njaa?"

Alicheka mpaka akaegemea usukani, na nikamwekea ugali na maharagwe. Siku iliyofuata alileta ndizi.

Ripoti zikaanza kunifikia. Hakuna njia hapa, ni geti. Imefungwa, rekebisheni. Hizo nilizipita haraka. Nyingine zilinifanya niketi. Njia imeblokiwa lakini kuna mathe poa sana hapo, atakuonyesha pa kutokea. Nyingine ilimfanya Mama bibi yao: ukifika getini usipige honi, salimia shosho kwanza. Nilizisoma kila jioni kabla ya kulala, kisha nikaziacha zilipo. Mwenzetu mmoja kwenye kikundi, fundi wa magari wa Umoja asiyeacha jambo lipite, aliniandikia: "Dada, hiyo ya mlangoni kwenu mbona haifungwi? Ama geti limekuwa la kioo?" Nikamjibu kwamba naishughulikia. Akasema hilo ni jibu la serikali.

Lakini kwa kina mama wa kanisa bado alikuwa amelala, na kwa mama mdogo pia. Nilidhani akishawazoea wageni atawafikia na walio wake. Hakuwafikia. Kila siku alizidi kuongea pale kibarazani, na kila alipoona sare ya kina mama wa kanisa ikikata kona aliinuka akaingia ndani, sasa kwa kasi kuliko zamani, kwa kuwa mguu umepata nguvu. Nilipokea mikate, nikasema uongo, nikafunga mlango. Hilo lilianza kunitia hofu. Nilijiuliza kama kile kibaraza hakijawa chumba kingine cha kujifichia, chenye jua na madereva.

Halafu akaja mwanaume mmoja mwenye uji.

Ilikuwa mchana, jua kali, Outer Ring imeshikana kabisa. Teksi ilisimama getini na abiria akashuka kabla dereva hajazima gari. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, ameshika chupa ya uji na mfuko wenye leso safi iliyokunjwa. Alilishika geti kwa mkono mmoja akalitikisa kidogo, kama anayehakikisha. Kisha akatugeukia.

"Mama, hapa hapapitiki?"

"Hapapitiki, baba."

"Ni mke wangu, yuko wodini. Wakishafunga saa ya kuona wagonjwa hawafungui tena mpaka kesho." Aliyasema kwa upole, bila kumlaumu mtu, na upole wenyewe ndio ulioniuma.

Mama alimwelekeza dereva. Sikuwa nimemsikia akiongea kwa haraka hivyo tangu augue. Maneno yaligongana, moja likakwama, akaliacha akachukua jingine. Dereva akaelewa, akarudi kinyumenyume, akakwaruza ukuta wa jirani, akajinyoosha, wakaenda. Mama hakutabasamu. Aliendelea kuitazama ile kona mpaka chai yake ikapoa.

Mimi nilikuwa nakumbuka wodi. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika milango ilifunguliwa, watu wakaingia na vyombo vyao, na kila aliyelala aligeuza uso kuelekea mlangoni. Waliopata mtu waliketishwa, wakalishwa. Wengine waliendelea kutazama mpaka askari akaanza kuwatoa watu, ndipo wakageukia ukutani. Siku moja magari yalinichelewesha, nikaingia wakati wenzangu wanatoka, nikamkuta Mama ameshageukia ukuta. Nilimgusa bega. Alinishika kidole kimoja, hakukiachilia mpaka nikaondolewa.

"Kuna mtu," Mama alisema, "anamngoja."

"Atafika, Mama."

"Wewe si ndiye." Akatafuta neno, nami nikamwacha alitafute. "Si ndiye fundi wa ramani?"

"Ndiye mimi."

"Na hii. Mbona hujatengeneza?"

Nikatazama geti. Alinyoosha mkono wake mgonjwa, akauweka juu ya goti langu.

"Najua uliiacha makusudi," alisema. "Nilijua kitambo." Akapumzika. "Umenitendea wema, mwanangu. Sasa ifunge."

"Na wakiacha kuja?"

"Waache. Wafike. Wanakokwenda."

Nikatoa simu pale pale. Alitaka kuona, basi nikavuta kiti karibu, nikamwonyesha barabara yetu, mstari mweupe unaopita mahali penye geti kama vile hapana kitu. Nikaweka alama ya kufungwa, nikabonyeza, mstari ukakatika. Mama akainamia skrini.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Kazi ndogo hivyo," alisema, "na unavyojigamba."

Nilicheka huku nalia, naye akanipa kitambaa chake.

Mabadiliko ya ramani huchukua muda kufika kwenye simu za watu. Kesho yake wakaja wachache. Baadaye akaja mmoja, na yule alitumwa na binamu yake, si na ramani. Kisha barabara ikanyamaza. Dereva wa Mukuru alipita na ndizi, akakaa kidogo, akasema siku hizi kazi zake ziko upande wa Industrial Area. Mama aliendelea kutoka kila asubuhi, akapanga leso mapajani, akatazama kona isiyoleta mtu. Nilisogeza cherehani karibu na dirisha ili nimwone, na nilishona vibaya. Kola za darasa zima zilienda upande, nikazifumua zote. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Geti? Kamati? Ramani isiyo na mwenyewe? Au Mama, kwa kuwa na moyo mwema hata pale wema unapomgharimu?

Jumapili simu ikalia. Alikuwa mama mdogo. Nilikuwa nakanda unga wa chapati, nikaipokea kwa ncha ya kidole, nikaiweka kwenye spika, na kuanza kusema kile ninachosema siku zote.

"Lete," Mama akaniita kutoka kibarazani.

Nikampelekea, simu imejaa unga. Aliishika kwa mikono miwili. Miezi yote hiyo alikuwa akiongea Kiswahili na wapita njia. Lugha ya kwetu, aliyonyonya nayo, sikuwa nimeisikia kinywani mwake tangu augue. Aliianza taratibu, akamsalimia mdogo wake ile salamu ndefu ya nyumbani ya kuuliza watu, na ng'ombe, na mvua. Sehemu nyingine hazikuwepo tena, akaziruka, akaendelea.

Kisha mama mdogo akauliza kwa sauti ya tahadhari, ile anayowatolea watu waliokosea namba, "Ni nani anayeongea?"

Hilo ndilo alilokuwa akilikimbia muda wote, mtu wa damu yake aisikie sauti yake na asimjue. Nikanyoosha mkono niichukue simu nieleze, naye akanizuia kwa kiwiko.

"Ni mimi," alisema. "Dada yako. Ndiyo sauti iliyobaki."

Mama mdogo akalia. Alilia bila kujizuia, kilio cha mtu aliyekuwa ameshaanza kumzika dada yake kimoyomoyo, mpaka spika ikawa inakwaruza. Nikasema, Mama, kata kwanza, utampigia akishatulia. Akatikisa kichwa. Akailaza simu mapajani, akaegemea kiti, akasubiri mdogo wake amalize, kwa sababu alikuwa na mengi ya kumwambia.